Uzito wa Tendo Dogo: Swali la Maadili katika Hadithi za Narnia

Utangulizi

Kati ya mwaka 1950 na 1956, C. S. Lewis, mtaalamu wa fasihi ya Kiingereza aliyefundisha Oxford na hatimaye kuwa profesa Cambridge, alichapisha vitabu saba vya watoto, kimoja kila mwaka, kuhusu nchi ya kubuni iitwayo Narnia. Vitabu hivyo vimeuzwa kwa nakala zaidi ya milioni 100 na vimetafsiriwa katika lugha zaidi ya arobaini. Vimeigizwa katika redio na televisheni, na tangu mwaka 2005 vimefanyiwa filamu za gharama kubwa. Watoto waliovipokea mara ya kwanza sasa ni wazee, na wajukuu wao wanavisoma. Mtunzi mwenyewe alifariki tarehe 22 Novemba 1963, siku ile ile aliyouawa Rais Kennedy, na kwa sababu hiyo kifo chake hakikutajwa sana magazetini. Hata hivyo, vitabu vyake havikuzikwa pamoja naye.

Makala haya yanachunguza maswali mawili kuhusu vitabu hivyo. La kwanza ni la kihakiki: ni kitu gani kinachovifanya vidumu ilhali mamia ya hadithi za aina hiyo, zilizotungwa kwa ustadi usiopungua huo, zimesahaulika? La pili ni la kimaadili: je, ni haki msomaji kukipenda kitabu ambacho katika kurasa fulani kinamdhulumu yeye au watu wanaofanana naye? Swali hili la pili haliwezi kukwepwa, hasa na msomaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa mahasimu wakubwa wa Narnia ni watu weusi wa ngozi, wavaa vilemba, wenye kusema kwa methali. Hoja ya makala haya ni kwamba maswali hayo mawili yana jibu moja. Kile kinachovidumisha vitabu vya Lewis ndicho kinachompa msomaji mizani ya kuvipimia, na pale vinapokosea, hukosea kwa kuiacha mizani yao wenyewe.

Majibu ya Kawaida na Upungufu Wake

Wahakiki wengi hutoa sababu tatu za mvuto wa Narnia. Sababu ya kwanza ni maajabu. Inadaiwa kwamba mtoto hupenda kuikimbia dunia yake, na kabati la nguo lenye mlango wa kupitia kwenye msitu wa theluji ni njia nzuri ya kukimbilia. Jibu hili halitoshelezi. Maajabu ni mali ya bei rahisi katika fasihi ya watoto. Kila mtunzi anaweza kuumba joka, na majoka mengi yamekufa pamoja na vitabu vilivyoyazaa. Lewis mwenyewe alilipinga dai la ukimbizi katika insha yake ya mwaka 1952 kuhusu namna za kuwaandikia watoto. Kwa maoni yake, mtoto asomaye habari za msitu wa ajabu haudharau msitu wa kweli ulio karibu na kwao, bali huanza kuuona nao kuwa na ajabu kidogo.

Sababu ya pili ni dini. Lewis alirejea katika Ukristo mwaka 1931, na kifo na kufufuka kwa Aslan, yule simba aliye bwana wa Narnia, kwa hakika vinafuata mkondo wa Injili. Lakini wasomaji wengi wamekiri kwamba walivisoma vitabu hivi utotoni bila kuugundua mkondo huo, na kwamba wapo walioumia kidogo walipoutambua ukubwani. Isitoshe, imani ya pamoja haikumtosha hata rafiki wa karibu wa mtunzi. J. R. R. Tolkien, Mkatoliki thabiti, hakuzipenda hadithi hizi, miongoni mwa sababu zake ikiwa ni kuchanganywa ovyo kwa visasili vya asili mbalimbali. Ikiwa muumini aliweza kuzikataa na asiyeamini akaweza kuzipenda, basi dini peke yake si ufunguo. Aidha, Lewis alieleza kwamba hadithi ilianza kwa picha wala si kwa fundisho: picha ya kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, amebeba mwavuli na vifurushi katika msitu wenye theluji, iliyomkaa akilini tangu alipokuwa kijana wa miaka kama kumi na sita.

Sababu ya tatu ni mazoea na biashara: wazazi huwanunulia watoto vitabu walivyovipenda wao. Jambo hili ni kweli, lakini linaeleza kwa nini kitabu hununuliwa tu. Halielezi kwa nini mtoto hukisoma hadi usiku na kukataa kuzima taa.

Katika upande wa fani, lipo jambo moja ambalo msomaji aliyelelewa katika masimulizi ya Kiswahili atalitambua upesi kuliko wengine. Msimulizi wa Narnia ni fanani. Huyaacha matukio akamgeukia msikilizaji, akamwonya asijifungie kabatini, akamuuliza kama naye amewahi kulia hadi machozi yakamkauka. Ni kana kwamba hadhira imekwisha kuitikia “pakawa!” na sasa ameruhusiwa kusema. Sauti hii haimdharau mtoto wala haimbembelezi. Humchukulia kuwa mtu anayeweza kuambiwa jambo zito. Hapo ndipo makala haya yanapouona mwanzo wa jibu.

Edmund na Uzito wa Jambo Dogo

Katika kitabu cha kwanza, The Lion, the Witch and the Wardrobe, watoto wanne wa ukoo wa Pevensie wamehamishwa kutoka London kwa sababu ya mashambulizi ya ndege za vita. Lewis aliijua hali hiyo, kwani watoto wa aina hiyo walipokewa nyumbani kwake karibu na Oxford vita vilipoanza mwaka 1939. Mtoto wa tatu, Edmund, anapoingia Narnia kwa mara ya kwanza, anakutana na Mchawi Mweupe, ambaye anampa kinywaji cha moto na peremende laini za Kituruki, ambazo kwa umbo na utamu haziko mbali sana na halua. Peremende hizo zimerogwa. Azilaye hutaka nyingine, na akiachiwa ataendelea kuzila hadi afe.

Msomaji wa leo anaweza kumcheka mvulana anayewauza ndugu zake kwa peremende. Msomaji wa mwaka 1950 hakucheka. Nchini Uingereza peremende zilianza kugawiwa kwa kipimo mwaka 1942, na kipimo hicho hakikuondolewa moja kwa moja hadi Februari 1953. Mtoto aliyekisoma kitabu hiki kilipotoka alikuwa na kadi ya mgawo nyumbani. Kishawishi cha Edmund kilikuwa kishawishi chake.

Hata hivyo, si peremende zinazomfanya Edmund kuwa mwovu. Kosa lake kubwa la kwanza linatendeka baada ya kurudi, naye hana chochote kinywani. Lucy, mdogo wake, amekuwa akisema kweli kuhusu nchi iliyo ndani ya kabati, na wakubwa wamemdhania kuwa mwongo au mgonjwa wa akili. Sasa amepata shahidi. Peter anapomuuliza, Edmund anajibu kwamba walikuwa wakicheza tu, na kwamba hakuna nchi yoyote. Hakuna damu iliyomwagika wala ufalme ulioanguka. Ni sentensi moja ya mtoto mwenye haya, anayemwonea mdogo wake ili asionekane mjinga. Lakini msimulizi anatua hapo na kulihesabu tendo hilo miongoni mwa mambo maovu sana yanayosimuliwa katika hadithi nzima.

Huu ndio msingi wa maadili ya Narnia. Aristotle alifundisha kwamba tabia haizaliwi na mtu bali hujengwa kwa kutenda: atendaye haki mara kwa mara huwa mwenye haki, na atendaye uoga huwa mwoga. Lewis anaigeuza falsafa hiyo kuwa kisa. Usaliti mkubwa wa Edmund, wa kwenda kwa Mchawi na kumwambia walipo ndugu zake, haukutokea ghafla. Ulikwisha kuandaliwa na ule uongo mdogo. Hali kadhalika, kutengenezeka kwake hakuanzi kwa ushujaa. Kunaanza pale anapomwona Mchawi akiwageuza kuwa mawe wanyama wadogo waliokuwa wakila karamu mwituni, na kwa mara ya kwanza moyo wake unamhurumia mtu mwingine asiyekuwa yeye mwenyewe.

Fasihi nyingi ya watoto humpa mtoto hatari kubwa na maamuzi madogo: aende kushoto au kulia, apigane au akimbie. Lewis hufanya kinyume. Humpa mtoto maamuzi ya nyumbani, yale anayoyafanya kila siku mbele ya dada yake, na kumwonyesha kwamba ulimwengu mzima umening’inia hapo. Mtoto huamini, kwa sababu ndivyo anavyoyaona maisha yake. Kwake yeye, uongo kuhusu dada si jambo dogo. Watu wazima ndio waliosahau.

Bei ya Msamaha

Waswahili husema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Edmund alikula na Mchawi, na Mchawi hakuwa tayari kumfia. Alichotaka ni kumuua. Kwa mujibu wa sheria kongwe ya Narnia, kila msaliti ni mali yake. Lakini hata methali hiyo haitoshi kueleza yanayofuata, kwa kuwa anayekufa badala ya Edmund si mzaliwa naye. Ni Aslan, ambaye hakuwahi kumkosea wala kulishwa naye.

Swali la kifalsafa linalozuka hapa ni gumu. Je, msamaha si dhuluma kwa aliyesalitiwa? Ikiwa msaliti anaweza kurudi mezani na kukaa na wengine, sheria ina maana gani? Lewis hatoi jibu la mkato. Kwanza, hakubali sheria ipuuzwe: Aslan haidharau ile sihiri kongwe, bali anailipa. Msamaha una bei, na lazima mtu ailipe. Pili, mazungumzo kati ya Aslan na Edmund hayaripotiwi. Wawili hao wanaonekana wakitembea katika umande wa asubuhi, na msomaji anaambiwa tu kwamba Edmund hakuyasahau maneno hayo. Ndugu zake wanaelezwa kwamba hapana haja ya kumzungumzia yaliyopita. Tatu, baada ya vita Lucy na Susan wanajiuliza kama Edmund anajua ni nini kilitendwa kwa ajili yake. Lucy anaona aambiwe, Susan anaona kwamba kujua kungemwia kuzito mno. Kitabu hakiwaamulii.

Unyamazifu huu ni wa thamani kubwa. Mtunzi ambaye lengo lake lilikuwa kuhubiri asingeuacha mwanya wa namna hiyo. Matunda ya msamaha huo yanaonekana baadaye bila kutangazwa. Katika The Horse and His Boy, kilichotoka mwaka 1954, wafalme wanajadili kama mfungwa mhaini auawe, na Edmund, ambaye sasa anaitwa Mwenye Haki, ndiye anayesema kwamba hata msaliti anaweza kujirekebisha, kwani amewahi kumjua mmoja aliyefanya hivyo. Halafu anakaa kimya akiwaza. Mtoto asomaye sentensi hiyo huelewa peke yake, na kile alichokielewa peke yake hakimtoki.

Joka na Manyani

Katika mwaka 1952, mwaka ule ule Lewis alipochapisha The Voyage of the Dawn Treader, Shaaban Robert alichapisha Adili na Nduguze. Hakuna ushahidi kwamba mmoja alimsoma mwenzake. Lakini waandishi hawa wawili walikunywa katika kisima kimoja. Wahakiki wamekwisha kuonyesha jinsi kisa cha Adili kinavyotokana na Alfu Lela Ulela, naye Lewis alieleza kwamba jina la Aslan, ambalo kwa Kituruki maana yake ni simba, alilipata katika maelezo ya tafsiri ya Alfu Lela Ulela iliyofanywa na Edward Lane. Vitabu vyote viwili vinauliza swali moja: mtu akiishi kwa tabia ya mnyama, nini kitamrudishia utu wake?

Katika Adili na Nduguze, Hasidi na Mwivu wanamsaliti ndugu yao, na kwa nguvu za majini wanageuzwa kuwa manyani. Adili, aliyetendewa uovu, ndiye anayelazimishwa kuwapiga kila usiku, jambo linalomtesa pengine kuliko linavyowatesa wao. Utu wao hauwarudii mpaka Mfalme Rai aingilie kati. Katika kisa cha Lewis, Eustace, mvulana mchoyo na mlalamishi, analala juu ya hazina ya joka akiwa na mawazo ya kijoka moyoni, na anaamka akiwa joka. Anajaribu kujichuna ngozi mara tatu, na kila mara anakuta ngozi nyingine chini yake. Mwishoni simba anamchuna mwenyewe, na kucha zake zinaingia ndani hadi Eustace anadhani zimefika moyoni.

Tofauti ya mkazo inastahili kuangaliwa. Shaaban Robert anamtazama zaidi aliyedhulumiwa. Maadili ya kisa chake yako katika uvumilivu wa Adili, ambaye hafurahii adhabu ya adui zake. Lewis anamtazama zaidi mkosaji, na anataka kujua ndani ya ngozi ile kunauma vipi. Lakini wote wawili wanakataa jambo moja: kwamba adhabu ni mwisho wa hadithi. Manyani hawakugeuzwa ili wabaki manyani. Wala Eustace hatoki kwenye maji yale akiwa malaika. Msimulizi anasema kwa tahadhari kwamba alianza kuwa mvulana mwingine, na kwamba zipo siku alizokuwa na tabia za kuchosha, lakini tiba ilikuwa imeanza. Ukweli huu ni nadra katika fasihi ya watoto, ambamo mara nyingi mwovu hugeuka mwema katika ukurasa mmoja. Mtoto anajua kwamba yeye mwenyewe hageuki hivyo, na hukiamini kitabu kinachojua analolijua.

Tofaa la Digory

Jaribu kali zaidi katika vitabu vyote saba limo katika The Magician’s Nephew cha mwaka 1955. Digory ana mama aliye mahututi. Ametumwa na Aslan kulichuma tofaa katika bustani ya mbali na kulileta bila kulila wala kuliiba. Mchawi anamfikia bustanini na kumwambia kwamba tofaa hilo lingemponya mama yake leo hii. Kwa nini amtumikie simba asiyemjua huku mama anakufa?

Hoja hiyo haina udhaifu ulio dhahiri. Ni hoja ya upendo, wala si ya tamaa. Immanuel Kant alisema kwamba wema wa tendo huonekana waziwazi pale wajibu unapopingana na matakwa ya moyo, na mtu akautimiza wajibu. Lakini Kant hakuwaandikia watoto, na matakwa aliyoyafikiria hayakuwa uhai wa mama. Uzito wa tukio hili unaeleweka zaidi mtu akikumbuka kwamba mama yake Lewis, Flora, alifariki kwa saratani huko Belfast mwaka 1908, mwanawe akiwa na umri wa miaka tisa, baada ya mtoto huyo kuomba apone. Takriban miaka hamsini baadaye anampa mtoto wa kubuni tofaa ambalo yeye hakulipata, halafu anamwamuru asiliibe.

Digory anaokolewa na jambo dogo. Mchawi, akidhani amekwisha kushinda, anamwambia amwache nyuma rafiki yake Polly ili siri isifichuke. Hapo maneno yote ya Mchawi yanasikika kuwa ya uongo. Mtoto hashindi kwa kuijibu hoja, bali kwa kuitambua sauti ya mtu anayeweza kupendekeza usaliti mdogo kwa wepesi namna ile. Mizani ni ile ile ya Edmund: namna mtu anavyomtendea mwenzake aliye karibu humfichua kuliko maneno yake yote makubwa. Digory anarudi mikono mitupu kwa upande wa mama yake. Anayakumbuka machozi ya Aslan aliyoyaona kabla ya kutumwa, makubwa kuliko yake. Ndipo anapopewa tofaa, baada ya kukubali kulikosa.

Mizani Inapolemaa

Ikiwa hii ndiyo nguvu ya Narnia, basi makosa yake nayo yanaweza kutajwa kwa usahihi. Philip Pullman, katika makala kali ya mwaka 1998, aliishambulia Narnia kwa kudharau wanawake na watu wa rangi nyingine, na tangu hapo mjadala haujatulia. Watetezi wake husema kwamba kitabu ni mtoto wa zama zake. Utetezi huo ni dhaifu, kwa kuwa ungeweza kukisamehe kitabu chochote kile. Njia bora ni kukipima kitabu kwa kanuni zake chenyewe.

Katika The Horse and His Boy, Aslan anaieleza kanuni muhimu: hamsimulii mtu yeyote hadithi isiyokuwa yake. Aulizaye habari za mwenzake huambiwa kwamba hiyo ni hadithi ya mwingine. Kanuni hii inalingana na kila kilichosemwa juu. Edmund alipewa sura nyingi za kukosea na kurejea, na mazungumzo yake na Aslan yakafichwa kwa heshima. Eustace alisimulia kwa kinywa chake namna alivyochunwa.

Susan hakupewa heshima hiyo. Katika The Last Battle cha mwaka 1956, familia yake yote inakufa katika ajali ya gari moshi na kuingia katika Narnia ya milele, isipokuwa yeye. Sababu inatolewa na watu wengine katika mistari michache: si rafiki wa Narnia tena, anajali soksi za nailoni, rangi ya midomo na mialiko. Msomaji haonyeshwi tendo lake wala hamsikii akisema. Hata neno la kumhurumia msichana aliyefiwa na wazazi, kaka wawili na mdogo wake kwa siku moja halisemwi. Lewis, akimjibu kwa barua msomaji mtoto, alieleza kwamba Susan angali hai na anao muda wa kujirekebisha. Jibu hilo ni zuri, lakini lilistahili kuwa kitabuni. Mwaka 2004 Neil Gaiman alichapisha hadithi fupi kuhusu tatizo hilo hilo la Susan, ishara kwamba wasomaji walikuwa bado wanaibeba huzuni ambayo mtunzi hakuibeba.

Suala la Calormen ni zito zaidi. Watu wa dola hiyo ya kusini ni weusi, wana watumwa, wanaabudu mungu mkatili mwenye kichwa cha tai, na katika kitabu cha mwisho vibete wanawaita kwa tusi la rangi. Usemi wao wa heshima, wenye sifa ndefu na nukuu za washairi, unafanyiwa dhihaka. Msomaji aliyekulia pwani anaisikia dhihaka hiyo kwa namna yake. Kusalimu kwa urefu, kumtaja mkubwa kwa dua, kuthibitisha neno kwa methali au ubeti: kwake mambo hayo ni adabu aliyofundishwa na bibi yake, na hapa yamefanywa kuwa alama ya unafiki. Linganisha pia adhabu mbili. Eustace, Mwingereza, anageuzwa joka na anaponywa. Rabadash, mwanamfalme wa Calormen, anageuzwa punda na anachekwa. Anarudishiwa umbo lake hekaluni, lakini amefungwa asitoke mbali na hekalu hilo, na baada ya kufa anakumbukwa kwa jina la kejeli. Utu wa yule ulichunguzwa hadi moyoni. Utu wa huyu haukuchunguzwa kabisa.

Hata hivyo, katika vitabu hivyo hivyo wapo Wacalormen wawili wanaotendewa haki, na wote wawili wanasimulia hadithi zao kwa vinywa vyao. Wa kwanza ni Aravis, msichana anayekimbia ndoa ya kulazimishwa. Anapoanza kusimulia, msimulizi anakiri kwamba huko Calormen watoto hufunzwa sanaa ya kusimulia kama vile watoto wa Uingereza wanavyofunzwa kuandika insha, tofauti ikiwa kwamba watu hutamani kuzisikia hadithi, lakini hakuna aliyewahi kutamani kusoma insha. Hapo dhihaka imegeuka na kumrudia Mwingereza. Wa pili ni Emeth, askari kijana ambaye jina lake kwa Kiebrania lina maana ya kweli. Amemtumikia Tash kwa moyo safi maisha yake yote, na anapokutana na Aslan anatarajia kifo. Anaambiwa kwamba wema wote alioutenda kwa jina la Tash umehesabiwa kuwa umetendwa kwa Aslan, kwani uovu hauwezi kupokea utumishi mwema. Wapo Wakristo waliomlaumu Lewis kwa ukurasa huo. Ni ukurasa ulioandikwa na mtu aliyeisikiliza hadithi ya adui wake hadi mwisho.

Kwa hiyo kasoro za Narnia zina mpangilio. Pale mhusika anaposimulia hadithi yake, Lewis huwa mwadilifu, awe Mwingereza au Mcalormen, mvulana au msichana. Pale mhusika anaposimuliwa na wengine, haki hupotea. Kanuni iliyovunjwa ni ya Aslan mwenyewe.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba hadithi za Narnia hazidumu kwa sababu ya maajabu, wala dini, wala biashara pekee. Zinadumu kwa kuwa zinamchukulia mtoto kuwa mtendaji kamili wa kimaadili, ambaye uongo wake mdogo una uzito, ambaye msamaha wake una bei, na ambaye tiba yake huchukua muda. Wapo watunzi wachache wanaomheshimu mtoto kiasi hicho, na mtoto huitambua heshima hata asipoweza kuitaja.

Kuhusu swali la pili, makala haya yanaona kwamba inawezekana kukipenda kitabu kama hiki bila kuusaliti utu wako, lakini kwa sharti. Upendo unaofumba macho mbele ya Susan na Rabadash haujajifunza chochote kutoka kwa Edmund. Ni upendo unaofanana na ule uongo wake wa kwanza, wa kumruka mwenzako ili usiaibike mbele ya wakubwa. Upendo wa haki husoma kurasa zote, huzitaja dhuluma zake kwa majina, na hudai kila mhusika apewe nafasi ya kusimulia hadithi yake. Msomaji anayedai hivyo anamdai mtunzi deni ambalo mtunzi mwenyewe alimfundisha kulihesabu.

Asiyefunzwa na mamaye, hufunzwa na ulimwengu. Lewis alimpoteza mamaye mapema, na mengi alifunzwa na ulimwengu wa vitabu, vikiwemo vile vilivyotoka Mashariki, ambavyo vilimpa jina la simba wake na sura ya maadui zake. Kazi ya kuvitenganisha viwili hivyo hakuimaliza. Imebaki mikononi mwa wanaomsoma, na wahakiki wa fasihi ya watoto katika Kiswahili, ambao kisima cha Alfu Lela Ulela ni chao pia, wana sababu ya kuishiriki.